Kuchagua Njia ya Kazi Ukiwa Bado Chuoni

Somo la toleo hili, kwa wanafunzi wa vyuo, wazazi na walezi



Asubuhi moja walifika kituoni kwetu mzee mmoja na mwanawe. Kijana alikuwa mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa tatu, akibakiza miezi michache tu ahitimu. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amesafiri hadi Masindi, godoro begani na sanduku la bati mkononi, akaripoti langoni mwa chuo chetu cha mafunzo cha Kabalye kama alivyoelekezwa kwa simu. Askari wa zamu walimweleza kwa upole kwamba hapakuwa na kundi lolote lililotarajiwa siku hiyo. Barua aliyokuwa nayo, yenye nembo na mhuri, ilikuwa ya kughushi. Ili aipate barua hiyo alikuwa amemtumia mtu asiyemjua shilingi milioni 4 kwa simu, kwa awamu tatu. Zilikuwa fedha za ng'ombe wawili wa baba yake.

Tuliyapokea malalamiko, tukayaandika, tukampa namba ya kumbukumbu. Mzee alikaa kimya muda wote huo. Tulipomaliza, hakuuliza habari za fedha. Alimgeukia mwanawe akamwuliza, "Ulikuwa umekaribia kumaliza, mwanangu. Ulikuwa unakimbia nini?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Tumeacha majina na mahali, kwa kuwa familia hiyo imekwisha kupata fedheha ya kutosha. Kisa chenyewe tumeruhusiwa kukieleza ili wengine wajifunze.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mwanafunzi aweze kueleza ni kazi gani anaielekea na kwa nini. Ajue ni chombo gani kinachosimamia kazi hiyo. Na amtambue tapeli wa ajira kabla hajatoa hata shilingi moja.

1. Kijana alikuwa akikimbia nini

Alipopata nguvu ya kusema, alieleza kwamba uhasibu hakuuchagua yeye. Mjomba wake alisema kuwa mhasibu halali njaa, na ukoo mzima ukakubali. Mwaka wa kwanza alijikaza. Mwaka wa pili alishindwa somo moja, akalirudia, akashindwa tena. Hakumwambia baba yake, wala mama yake, wala mhadhiri wake. Kila alipopigiwa simu kutoka nyumbani alijibu kwamba mambo yanaendelea vizuri. Kisha ikaja simu ya mtu aliyejiita ofisa wa polisi, mwenye nafasi ya kazi, na kijana akaiona kama mlango wa dharura wa kutokea.

Tumekutana na vijana wengi wa namna hii. Nchini Uganda safari ya kazi huanza mapema mno. Mtoto wa miaka kumi na sita, akitoka Senior 4, hutakiwa kuchagua masomo matatu ya Senior 5, na masomo hayo ndiyo yatakayoamua ni kozi zipi ataruhusiwa kuomba chuo kikuu. Baadaye alama za mtihani wa UNEB humpeleka kwenye kozi ambayo pengine aliijaza kama chaguo la tatu au la nne. Basi mwanafunzi anayejikuta katika kozi asiyoipenda asijione mkosaji. Kosa, kama lipo, ni kunyamaza. Tapeli hustawi mahali ambapo mtoto na mzazi hawaambiani ukweli, kwa maana siri inamzuia mtoto asiulize, na asiyeuliza hawezi kuonywa.

Ndiyo sababu sisi askari tunalizungumza jambo ambalo wengi hudhani ni la walimu peke yao. Malalamiko ya utapeli wa ajira huishia mezani kwetu, lakini mara nyingi chanzo chake ni uamuzi wa kazi ambao haukufanywa kwa wakati wake.

2. Hatua ya kwanza: jipime kwa unayoyafanya

Kijana akiulizwa anapenda kazi gani, hutaja kazi yenye heshima machoni pa watu. Swali hilo halisaidii sana. Tunamshauri achukue daftari, kwa muda wa mwezi mmoja, aandike kila jioni mambo mawili: ni kazi gani aliyoifanya siku hiyo bila kusukumwa, na ni jambo gani ambalo wenzake walimjia awasaidie. Mwisho wa mwezi alisome daftari lake kama mpelelezi asomavyo maelezo ya mashahidi. Asitafute anachotamani, atafute kinachojirudia.

Kijana wetu tulipomwuliza habari za nyumbani, alikuwa akijibu neno moja moja mpaka tulipofika kwenye kuku. Hapo ulimi ulifunguka. Alitueleza ugonjwa wa kideri unavyofagia kuku wa kijiji kizima, chanjo yake inavyohifadhiwa kwenye ubaridi, na jinsi tone moja la jichoni linavyotosha kwa kuku mmoja. Kila likizo alizunguka kwa majirani akiwachanjia kuku wao, na alikuwa na kitabu cha nani amechanja lini na nani anadaiwa. Mzee alishangaa. Alijua mwanawe anashika kuku, lakini hakujua kwamba ameandika hesabu zao kwa miaka minne.

Hapo ndipo tulipoona kwamba kijana hakuwa adui wa hesabu. Alikuwa hajaoneshwa hesabu hizo zinatumika wapi.

3. Hatua ya pili: ijue milango iliyo mbele ya shahada

Wanafunzi wengi hudhani siku ya mahafali ndiyo mwisho wa njia. Kwa kazi nyingi, siku hiyo ni lango la kwanza tu, na mbele yake yako mengine. Asiyeyajua mapema hukata tamaa anapoyakuta, au humlipa dalali amrushe ukuta.

Tuchukue mifano ya hapa Uganda. Anayesoma sheria husoma shahada kwa miaka 4, kisha hutakiwa kupata stashahada ya utendaji wa sheria katika kituo cha mafunzo kijulikanacho kama LDC kabla ya kuandikishwa kuwa wakili. Anayesoma udaktari wa binadamu husoma miaka 5, akafanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kwa mwaka 1, ndipo baraza la madaktari limsajili kikamilifu. Mhasibu anayetaka kutia sahihi ya ukaguzi wa hesabu huhitaji mitihani ya CPA inayosimamiwa na taasisi ya wahasibu, ICPAU. Mhandisi anayo bodi yake ya usajili, na muuguzi na mkunga wanalo baraza lao.

Kwa hiyo kila mwanafunzi aandike maswali manne na kuyatafutia majibu kabla ya mwaka wa pili kwisha. Je, kozi yangu imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE? Ni chombo gani kinachowasajili watu wa kazi hii? Baada ya shahada nitahitaji miaka mingapi zaidi, na ada kiasi gani? Ni nani anayewaajiri watu hawa, na hutangaza nafasi zake wapi? Swali la kwanza si la kupuuzwa, kwani wapo waliolipa ada miaka mitatu wakapewa cheti kisichotambuliwa na mwajiri yeyote.

Tunaongeza jambo moja linalosahauliwa. Njia haifungwi kwa sababu mtu alianzia chini. Mwenye stashahada anaweza kuomba kujiunga na shahada kwa njia iliyowekwa kwa ajili yake. Aliyetimiza miaka 25 anaweza kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa utaratibu wa watu wazima. Fundi aliyejifunza kazi gereji anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Miongoni mwetu tuliovaa sare wapo walioingia na cheti cha kidato, wakasomea stashahada wakiwa kazini, wakitoka zamu ya usiku na kwenda darasani. Hatukuona aibu, na hatuoni sababu ya kijana kuona aibu.

4. Hatua ya tatu: ionje kazi kabla hujaiapia

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Msemo huo unawagusa wanafunzi wanaobadili kozi kila mwaka wakitafuta ile isiyo na jasho. Hata hivyo mkulima mwema hulishika jembe kabla ya kulinunua, akapima uzito wake mkononi. Mwanafunzi naye aishike kazi kabla hajaapa kuishi nayo.

Mafunzo ya vitendo ya likizo ndefu yamewekwa kwa kusudi hilo. Inasikitisha kwamba wengine huyageuza kuwa karatasi ya kugongwa mhuri tu, wakaenda kwa ndugu mwenye ofisi, wakajaziwa fomu, wakarudi nyumbani. Aliyefanya hivyo amejiibia mwenyewe. Mwanafunzi akiwa kazini kwa wiki nane au kumi, hujifunza mambo ambayo hakuna mhadhiri wa kumwambia: saa za kazi hiyo, jinsi wakubwa wanavyozungumza na wadogo, nini kinachochosha, na kama mtu aliyeifanya kwa miaka ishirini bado anaiheshimu. Amtafute mtu huyo wa miaka ishirini, amwombe nusu saa, amwulize: "Mzee, ungeanza upya ungechagua kazi hii?" Kisha anyamaze na kusikiliza.

Milango ya kwetu pia i wazi. Katika vituo vyetu vikubwa wapo maofisa wa uhusiano wa jamii, na mwanafunzi anayeifikiria kazi ya polisi anaruhusiwa kuja kuwauliza. Tutamwambia ukweli wote: kwamba kazi hii ni ya heshima, kwamba mtu hupangiwa mahali asipopachagua, na kwamba sikukuu nyingi huzila akiwa zamu. Afadhali ajue mapema akaamua.

5. Hatua ya nne: itambue sauti ya tapeli

Sasa tuseme kwa uwazi kuhusu ajira yetu wenyewe. Nafasi za kujiunga na Jeshi la Polisi hutangazwa hadharani. Fomu haiuzwi. Usaili haulipiwi. Hakuna ofisa, awe wa cheo gani, mwenye mamlaka ya kuuza nafasi, na anayedai fedha ili akupitishe anatenda kosa, hata kama amevaa sare halisi. Mtu wa namna hiyo tuleteeni jina lake.

Matapeli hubadili mavazi, lakini mwenendo wao haubadiliki. Tumesikiliza maelezo ya waathirika wengi, na alama hizi hujirudia:

Kwanza, huleta haraka. Nafasi ni moja, na inafungwa leo saa kumi. Ajira ya kweli ina tarehe iliyotangazwa kwa wote.

Pili, hutaka siri. Humwambia kijana asimweleze mtu, eti wenye wivu wataharibu. Kijana aliyetujia aliambiwa maneno hayohayo.

Tatu, fedha huenda kwa namba ya simu ya mtu binafsi, kidogo kidogo: leo ya fomu, kesho ya vipimo vya afya, keshokutwa ya sare. Kila awamu inamfanya aliyekwisha kulipa aogope kuacha.

Nne, haulizi ujuzi. Mwajiri wa kweli atataka kujua unaweza kufanya nini. Tapeli hutaka kujua unaweza kulipa nini.

Tunaonya zaidi juu ya kazi za nje ya nchi. Zipo kazi halali huko, na Waganda wengi wanazifanya. Lakini mpelekaji sharti awe kampuni yenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na leseni hiyo mwanafunzi anayo haki ya kuiuliza wizarani kabla ya kutoa pasipoti yake. Asidhani kwamba elimu peke yake itamkinga. Katika miaka ya karibuni, vijana wasomi wenye ujuzi wa kompyuta kutoka Afrika Mashariki, Waganda wakiwemo, waliahidiwa kazi nzuri za ofisini Thailand, wakajikuta wamevushwa mpaka kuingia Myanmar, wakafungiwa nyuma ya kuta na kulazimishwa kuwatapeli watu wa mabara mengine kwa intaneti. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa wasomi. Sheria yetu ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu humhesabu kuwa mhalifu anayemsafirisha mtu kwa hila ili anyonywe, na adhabu yake hufika miaka 15 gerezani. Adhabu hiyo, hata hivyo, haimrudishii mtu siku alizozipoteza.

Mwanafunzi ajihadhari pia asiwe yeye mwenyewe mkosaji. Anayeghushi cheti ili apate nafasi, au anayemkodi mwenzake amfanyie mtihani, anaweka deni litakaloitishwa baadaye. Waajiri wengi, hasa wa nje, hudai cheti cha mwenendo mwema, kinachotolewa na idara yetu ya Interpol baada ya kuchukua alama za vidole. Tumewaona watu wazima wakishindwa kupata kazi kwa sababu ya hukumu waliyoipata wakiwa na miaka ishirini na mmoja.

6. Neno kwa wazazi na walezi

Mzazi anayelipa ada anayo haki ya kushauri. Tunamwomba tu aulize kabla ya kuamua. Ulizeni kwa namna itakayomwezesha mtoto kutoa jibu baya bila hofu. Mtoto akisema "nimeshindwa somo," jibu la kwanza lisiwe hasira ya ada. Somo lililoshindwa hurudiwa kwa gharama ndogo kuliko ng'ombe wawili.

Msilinganishe kozi kwa majina yake. Zipo kazi ambazo vijijini huitwa za walioshindwa, kama ufundi bomba, umeme, useremala na ufugaji, nazo zinalisha familia na kuajiri majirani. Tena soko la kazi limepanuka. Itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, na wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wa nchi wanachama wamefikia makubaliano ya kutambuana taaluma zao. Kijana mwenye ujuzi wake, usajili wake na Kiswahili fasaha anaweza kuomba kazi Kigali, Arusha au Nairobi bila kupita kwa dalali.

7. Ukitapeliwa, fanya haya

Usifute ujumbe wala namba. Hifadhi risiti za fedha zilizotumwa na barua uliyopewa. Fika kituo cha polisi kilicho karibu upesi, kwa kuwa fedha za simu huondolewa kwa saa chache. Kuandikisha malalamiko ni bure, na uombe namba ya kumbukumbu. Penye hatari ya haraka, piga 999 au 112. Usione haya kuja. Tunaopokea malalamiko hayo tunayo maarifa ya kutosha kujua kwamba anayetapeliwa si mjinga. Ni mtu aliyekuwa na haja, na tapeli akaijua haja yake.

Hitimisho

Wasomaji wetu watataka kujua mwisho wa kijana yule. Fedha hazijarudi, na uchunguzi unaendelea. Hatutaahidi tusiloweza kulitimiza. Kijana alirudi chuoni juma lilelile, akamweleza mhadhiri wake ukweli, akalirudia somo lake kwa mara ya tatu, akafaulu. Kozi hakuibadili, kwa sababu alikuwa amekaribia mno mwisho wake. Ila mafunzo yake ya vitendo aliyaomba katika ushirika wa wafugaji, akawekwa kwenye vitabu vya hesabu, na mchana huwapelekea wanachama chanjo. Alitutembelea mwezi uliopita akiwa na baba yake. Hatukuzungumza habari za ng'ombe. Mzee alitueleza kwamba mjomba bado anasema mhasibu halali njaa, na safari hii kijana alicheka.

Maswali ya kujadili nyumbani, bwenini au katika mkutano wa kijiji

1. Ni nani aliyeichagua kozi unayosoma sasa? Kama si wewe, umekwisha kumweleza mtu yeyote unavyojisikia?

2. Taja chombo kinachowasajili watu wa kazi unayoielekea, na hatua zinazofuata baada ya shahada au stashahada yako.

3. Katika mwezi uliopita, ni msaada gani ambao wenzako walikuomba zaidi ya mara mbili?

4. Katika kisa cha kijana yule, ni mahali gani ambapo neno moja kwa mzazi lingezuia hasara yote? Nyumbani kwenu neno hilo lingesemeka?

5. Mtu akikupigia simu leo akakuahidi kazi kwa malipo, utafanya mambo gani matatu kabla ya kujibu?